Kirusi si hukumu: funzo kutoka katika maji yachemkayo

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Wiki hii tunalizungumzia neno ambalo likitajwa majumbani watu hupunguza sauti: virusi. Tangu zama za ukimwi hadi zama za Uviko-19, neno hili limefuatana na hofu, na hofu nayo imezaa kauli nzito. Mtu akigundulika kuwa na virusi fulani, hakosekani wa kusema, wakati mwingine kwenye baraza ya msikiti, kwamba hiyo ni adhabu ya matendo yake. Jirani hupunguza kuingia nyumbani humo. Watoto wa mgonjwa hunyooshewa vidole madrasa. Mgonjwa mwenyewe huficha dawa zake chini ya godoro, na siku akikosa faragha ya kuzimeza, huziacha. Kauli iliyoanza kama mawaidha huishia kuwa sababu ya mtu kukosa tiba.

Je, kauli hiyo ina ushahidi? Tunawaomba wasomaji watufuate mbali kidogo, mahali pasipo mwanadamu wala dhambi, kisha turejee nyumbani.

Ziko chemchemi zinazopashwa moto na volkano iliyo chini ya ardhi: Yellowstone kule Marekani, Beppu kule Japani, Pozzuoli karibu na mji wa Naples nchini Italia. Baadhi ya maji yake hupita nyuzi 80 za Selsiasi, na ukali wake wa tindikali hulingana na ule unaosaga chakula tumboni mwetu. Mkono ukitumbukia humo huungua. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa hakuna kiwezacho kuishi katika moto wa namna hiyo, hadi miaka ya 1960 Thomas Brock na wenzake walipokuta uhai katika maji ya Yellowstone. Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walionesha kuwa lipo kundi la viumbe wa seli moja ambao si bakteria, ingawa chini ya hadubini hufanana nao. Leo kundi hilo huitwa arkea, na wengi wa wakazi wa maji hayo ya moto ni wa kundi hilo.

Arkea hao nao wana virusi vyao. Mjerumani Wolfram Zillig alikuwa miongoni mwa watangulizi wa kuvichunguza. Katika miaka ya 1980, yeye na wenzake walieleza habari za kirusi kilichotoka kwa arkea wa Beppu. Umbo lake ni kama limau, limechongoka kwenye ncha. Kirusi hicho huunganisha vinasaba vyake na vya mwenyeji wake, kikatulia humo kama mpangaji. Mwenyeji akipigwa na miale mikali ya urujuanimno, mpangaji huzaana kwa wingi na kutoka nje, na mara nyingi mwenyeji hubaki hai.

Sivyo vyote vilivyo na upole huo. Vipo vinavyojenga juu ya ngozi ya arkea vijipiramidi vyenye pande 7. Wakati ukifika, piramidi hufunguka kama petali za ua, virusi vipya hutoka, na mwenyeji hufa. Vingine vina umbo la chupa, vingine la fimbo, vingine la uzi.

Cha ajabu zaidi kilitangazwa mwaka 2005 na kundi la watafiti aliokuwamo David Prangishvili. Kirusi hicho cha Pozzuoli hutoka kwa mwenyeji wake kikiwa na umbo la limau. Kikiwa nje peke yake, bila seli yoyote ya kukisaidia, huota mkia kila upande, almuradi joto liwe karibu na lile la chemchemi yake. Shuleni tulifundishwa kuwa kirusi kilicho nje ya seli hakifanyi lolote, ni kama mbegu iliyo ghalani. Wataalamu wenyewe walilifahamu hivyo hivyo, na walipokiona kirusi hiki, walikubali kusahihisha walichokijua.

Sasa tuulize swali letu. Arkea hana akili, hana hiari, hakuletewa mtume wala kitabu. Wanazuoni wetu wa fiqhi wamelifafanua vizuri suala la taklifu: mwenye kubebeshwa wajibu ni mwenye akili, aliyefikia baleghe. Mtoto hahesabiwi dhambi, wala mwendawazimu, sembuse kiumbe wa seli moja. Hata hivyo kirusi humwingia. Humwingia ndani ya maji ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuoga. Ametenda kosa gani? Bila shaka hakuna. Kirusi kwa hiyo ni kiumbe miongoni mwa viumbe, chenye mwendo wake na sababu zake alizozipanga Muumba. Humfikia anayefikika, mwema na mwovu, mtu mzima na kitoto kichanga kilichozaliwa jana.

Tueleweke vizuri. Hatukanushi kwamba Mwenyezi Mungu huwatahini waja wake, wala kwamba zilikuwepo umma zilizoadhibiwa kwa kuwaasi Mitume wao. Habari hizo tumezipata kwa wahyi. Tunalokanusha ni mtu wa leo, asiyeteremshiwa wahyi, kumsimamia jirani yake na kumtajia sababu ya ugonjwa wake kana kwamba ameisoma katika Lauhul-Mahfudh. Huko ni kujidai elimu ya ghaibu, na ni jambo zito kuliko ugonjwa wenyewe.

Historia yetu inatosha kumnyamazisha msemaji huyo. Nabii Ayyub (a.s.) aliugua, naye ni Nabii. Mwaka 18 Hijria, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), tauni ya Amwas iliingia nchi ya Sham. Maradhi ya tauni huletwa na bakteria, si virusi, lakini hoja ni ile ile. Walifariki katika tauni hiyo Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, na Muadh bin Jabal, mjuzi mkubwa wa halali na haramu. Nani miongoni mwetu ana ulimi wa kusema kuwa watu hao waliadhibiwa?

Katika tukio hilo hilo, Sayyidna Umar alipopata habari za tauni akiwa njiani, alishauriana na wenzake, akarejea Madina na hakuingia Sham. Hapa pana mafunzo mawili yasiyopingana. Kujikinga na maradhi ni sunna ya watu wenye akili, na kumtukuza aliyekufa kwa maradhi ni adabu ya Waislamu. Kosa letu siku hizi ni kuyageuza: twazembea kinga, na twamdharau mgonjwa.

Tena tusidhani kuwa kuvichunguza viumbe hivi ni kupoteza wakati. Arkea wa maji ya moto hawakuachwa bila ngao. Wengi wao huhifadhi ndani ya vinasaba vyao vipande vidogo vya vinasaba vya virusi vilivyowahi kuwashambulia, mfano wa daftari la maadui. Adui akirudi, seli humtambua kwa kipande kile na kumkatakata. Kinga ya aina hiyo imo pia katika bakteria, na kutokana na ile ya bakteria, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walieleza mwaka 2012 chombo cha kukata vinasaba mahali palipokusudiwa. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu iliyojengwa juu ya chombo hicho. Bei yake ni kubwa mno na bado iko mbali na wengi wetu. Hata hivyo mzazi aliyekesha na mtoto wa selimundu anayelia kwa maumivu ya mifupa anafahamu thamani ya mlango huo kufunguliwa. Umefunguliwa na watu waliouliza namna vijidudu vinavyopigana na virusi, na hawakutosheka na jibu la mkato.

Tuliyokusudia kuyafikisha kwenye familia ni machache. Mtoto akiuliza virusi ni nini, ajibiwe kuwa ni viumbe vidogo mno, vipo vinavyodhuru watu na vipo visivyotuhusu kabisa, na kwamba Aliyeviumba ametupa akili ya kujikinga. Asiambiwe kuwa ni viboko vya watu wabaya, kwani siku akiugua yeye au mama yake, atayakumbuka maneno hayo. Walimu wa madrasa nao wamlinde mtoto wa mgonjwa dhidi ya minong'ono. Na jirani mwenye virusi vya ukimwi atembelewe, apewe mkono, aketi nasi kwenye sinia moja, maana virusi hivyo haviambukizwi kwa mkono wala kwa sinia. Ahimizwe kumeza dawa zake kwa wakati, mbele za watu akitaka, bila ya kuona haya.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azihifadhi ndimi zetu zisiseme juu Yake tusilolijua. Wabillahi tawfiq.