Kabla barabara haijampa mtoto mchezo, nyumba impe

Katika komine za Ibanda, Kadutu na Bagira, watoto wanaokata uti wa jani la mgomba na kuugeuza bunduki si kitu kigeni. Mmoja anakuwa askari, mwingine anakuwa muasi, na yule mdogo kuliko wote anaambiwa alale chini ajifanye maiti. Watu wakubwa wanacheka, au wanawafokea, kisha wanaendelea na safari yao ya soko. Lakini mchezo huo si wa kuchekewa, na dawa yake si fimbo. Dawa yake ni kumpa mtoto kazi nyingine ya mikono. Vitu vya kazi hiyo viko ndani ya kila nyumba, hata ya familia iliyofika mjini na mfuko mmoja tu.

Bukavu inajua bei ya jambo hili. Katikati ya Februari 2025, jeshi lilipoondoka na M23 ikaingia mjini, silaha na sare zilibaki nyuma. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza mwezi huohuo kwamba M23 iliwaua watoto hapa mjini. Walikuwa wamevaa sare na kubeba silaha walizookota katika kambi iliyoachwa, wakakataa kuzitoa. Lawama ya kifo cha mtoto ni ya aliyemwua, wala haiwezi kuwekwa kwenye mgongo wa mama yake. Hata hivyo, kila mzazi anabaki na swali lake mwenyewe: mkono wa mtoto ukiwa mtupu, utaokota nini? Katika vijiji vilivyopiganiwa, kilichobaki chini kinaweza kuwa guruneti inayong'aa kama kopo zuri. Kwa mtoto wa miaka mitano, chuma kinachong'aa ni kitu cha kuchezea tu.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mambo ya matajiri. Mtoto aliyelala bila kula anahitaji bugali na sombe, hahitaji gari la chupa. Ni kweli, chakula kinatangulia, na hakuna gari la chupa linaloshibisha tumbo. Lakini kutengeneza kitu pamoja na mtoto hakumnyang'anyi mtu chakula. Kunaomba nusu saa, wakati maharagi yapo motoni. Na kucheza si zawadi inayotegemea huruma ya mkubwa. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao Kongo iliukubali mwaka 1990, unasema katika kifungu chake cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mkataba haukuandika kwamba haki hiyo inasimama wakati wa vita.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi zinalisahau. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, ambaye shule yake ya wadogo inalipiwa, anabaki nyumbani kama mzazi hana franka. Kwa familia iliyohama kutoka Kalehe au Walungu na kupokelewa na ndugu katika chumba kimoja, nyumbani maana yake ni kona ya mkeka. Basi kona hiyo ndiyo shule yake ya kwanza, na mwalimu wake ni yule aliye karibu: mama, baba, nyanya, au dada mkubwa.

Shule hiyo ina somo la kushona. Mbele ya nyumba za washonaji, vipande vya vikwembe vinatupwa kila siku. Ukiomba kwa heshima, mshonaji atakupa bure. Kunja kipande kimoja kiwe mwili, jaza kichwa kwa vitambaa vingine, funga shingo kwa uzi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuchagua rangi ya nguo ya pupe wake na kumpa jina. Wengine watampa pupe jina la mtu aliyebaki kijijini. Mzazi asiogope, asikilize tu. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia mtu mkubwa uso kwa uso, lakini anaweza kumwambia pupe.

Ina somo la mpira. Majani makavu ya mgomba, au sashe safi zilizobanwa ndani ya soksi ya zamani, yanafungwa kwa kamba mpaka yawe duara. Wazee wengi wa Bukavu walicheza na mpira huo kabla ya kugusa mpira wa ngozi. Wanajua kuufunga, kwa hiyo wawaonyeshe wajukuu.

Ina somo la magari. Chupa moja ya plastiki, vifuniko vinne na vijiti viwili vya fagio vinatosha. Mtu mkubwa ndiye anayetoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto. Mtoto anapitisha vijiti na kukaza magurudumu. Hapa baba ana nafasi yake. Baba aliyepoteza kazi au shamba anaweza kuona aibu kukaa nyumbani mchana kutwa. Mtoto anayemwona baba yake akitengeneza gari haoni mtu asiye na kazi. Anaona fundi. Chukudu ya mbao, inayobeba mizigo mizito huko Goma mpaka mji ukaisimamishia sanamu, ni kazi ya mikono ya mafundi wetu wa Kivu, na watoto wanajitengenezea ndogo zao kwa mfano wa zile za wakubwa.

Ina pia somo la hesabu na la kuandika. Ndani ya kartoni ya sabuni kuna ukurasa mpana, na kipande cha makala ni kalamu. Chora kuku watatu, mtoto aweke vifuniko vitatu juu yao. Udongo mwekundu wa milima yetu, uliochimbwa mbali na vyoo na mitaro, unafinyangwa kuwa ng'ombe, sufuria na nyumba. Mtoto aliyekimbia akaacha ng'ombe nyuma atamfinyanga upya, na katika kumhesabu atajifunza namba.

Chupa hazikosekani. Plastiki zinazoshuka na mvua kutoka milimani huingia katika Ziwa Kivu, zinafuata mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi 1, kisha kartie zinakaa gizani. Nicole Menemene alianzisha Plastycor hapa Bukavu, ambako chupa zilizookotwa zinasukwa kuwa vitunga, viti vidogo na vyombo vya maua. Magari ya watoto hayatasafisha ziwa. Lakini mtoto aliyeiona chupa ikiwa gari atafikiri mara mbili kabla ya kuitupa katika mtaro.

Yote haya yana masharti, na mzazi asiyaruke. Kipindupindu hakijaondoka Kivu ya Kusini, kwa hiyo chupa iliyookotwa inaoshwa kwa maji safi na sabuni na kuanikwa juani, na mikono inanawishwa baada ya kushika udongo. Chupa iliyobeba dawa ya shamba, petroli au asidi ya betri haigeuzwi mchezo hata ikioshwa mara kumi. Kifuniko, mbegu ya haragi na kitu chochote kidogo havipewi mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu ataviweka mdomoni. Sashe haivaliwi kichwani. Msumari wa moto hauachwi chini, hasa katika nyumba za mbao za Kadutu, ambako cheche moja inaweza kuondoka na kartie nzima. Na kila mtoto afundishwe sentensi hii mpaka aijue kama jina lake: chuma usichokijua usikiguse, simama, rudi nyuma, mwite mtu mkubwa.

Wanaosaidia familia zilizohama nao wana la kusikia. Sanduku la michezo kutoka ng'ambo linapendeza kwenye picha, lakini mchezo ukivunjika hakuna wa kuutengeneza, na sanduku moja halitoshi watoto wa avenyu nzima. Afadhali kuleta makasi, uzi, sindano na sabuni, na kuwalipa washonaji na mafundi wa hapa wawaonyeshe wazazi namna ya kufanya. Ujuzi ukibaki katika mikono ya mama, unahama naye hata akilazimika kukimbia tena.

Mashefu wa avenyu, wachungaji, maimamu na mapadri wana kitu kinachokosekana katika vyumba vya wenyeji: uwanja. Salongo ikiisha, chupa zilizokusanywa zinaweza kuchambuliwa, zilizo salama zikaoshwa, na watoto wenyeji na waliohama wakakaa pamoja saa moja wakitengeneza. Isiwe kwa watoto waliohama peke yao. Mtoto mwenyeji anayeshiriki mkeka, sahani na chumba na mgeni wake naye amebeba mzigo wa vita, na mpira walioufunga wawili hauna mwenye nyumba wala mgeni.

Vijana wenye bunduki za mgomba wataendelea kuonekana barabarani, kwa sababu wanaiga waliyoyaona. Mzazi asiwapige. Aketi nao na kisu chake, awaulize kama uti uleule wa mgomba hauwezi kuwa mtumbwi wa kwenda Idjwi. Unaweza. Unahitaji kukatwa kwa namna nyingine tu, na mtu mkubwa wa kuonyesha.