Kosa la Mashine Lisihukumiwe kwa Kukisia

Skrini ya matangazo iliyo mbele ya duka huko Mukendo, mjini Musoma, ikitoa sauti bila picha, shauri hutolewa haraka: mashine imekufa, inunuliwe nyingine. Shauri hilo ni ghali, wala si la kisayansi. Sauti inayosikika ni ushahidi kwamba umeme upo na faili linasomwa.

Yafaa kwanza kuchezesha faili jingine ambalo jana lilionekana vizuri katika mashine ile ile. Likionekana, skrini na waya ni vizima; kosa limo katika faili jipya. Jina la MP4 ni la kasha tu. Ndani yake picha yaweza kuwa imesimbwa kwa kanuni ya H.264 ya mwaka 2003, au ya H.265 ya mwaka 2013. Mashine inayojua kanuni ya kwanza pekee haiwezi kuisimbua ya pili, ingawa sauti, iliyosimbwa kwa njia yake, husikika. Dawa ni kuisimba picha upya, si kununua mashine.

Faili la jana nalo lisipoonekana, ubadilishwe waya, kisha skrini, kimoja kimoja. Abadilishaye vyote kwa pamoja hatajua kilichoponya.

Wanafunzi wa sekondari hufundishwa njia hii katika maabara: jambo moja hubadilishwa, mengine huachwa vile vile. Ni hasara kuiacha njia hiyo mlangoni. Mwalimu awape kifaa kibovu na daftari la kuandikia kila jaribio. Hapo sayansi itamfaa hata mwenye duka.