Moshi Ardhi Ipo, Ila Imepigwa Kufuli!

Wiki hii naomba tuache kidogo stori za mapenzi, ingawa nitakachosema kimevunja mapenzi ya watu wengi hapa Moshi. Nazungumzia kiwanja.

Kijiwe chochote ukikaa, kuanzia Majengo hadi Soweto, kilio ni kimoja. Jamaa ana kazi, mchumba anaye, wazee wameshaanza kupanga mahari. Wakwe wakiuliza, "Mtakaa wapi?" jamaa anaanza kukohoa. Wajanja wa kijiwe wanamtetea kwamba mji umejaa. Kweli umejaa?

Hebu tupige hesabu za darasa la saba. Manispaa yetu ina kama kilomita za mraba 58. Sensa ya 2012 ilikuta watu 184,292, ya 2022 ikakuta 221,733. Maana yake ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya 37,000, wastani wa watu kumi kila siku iendayo kwa Mungu! Ukiugawa mji mzima sawasawa, kila mmoja anaambulia kama mita za mraba 260, yaani hata nusu ya boksi la penati haifiki. Na hapo hujatoa barabara, shule, masoko wala msitu wa Rau.

"Si tupanue mji?" utaniuliza. Habari za kusogeza mipaka ili Moshi iwe jiji zimesemwa miaka mingi. Sawa, ila tusogee wapi? Mji huu ulikua pale reli ya kutoka Tanga ilipokomea mwaka 1911, chini ya Old Moshi walikokuwa wamejenga boma Wajerumani. Leo ukishuka kusini unakutana na mpunga wa Mabogini na Chekereni, ule wa mradi wa umwagiliaji wa mwaka 1987 uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Ukiendelea kushuka ni miwa ya TPC. Tukimwaga zege juu ya mpunga, tutakula tofali?

Ukipanda kaskazini ni vihamba vya Kibosho, Uru na Old Moshi. Ukivimaliza unaingia msituni, na msitu huo tangu 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa. Mpaka wa mji unasogezwa kwa kalamu, lakini mlima uko pale pale.

Sasa kuna watu wanakwambia, "Wewe Mchaga bwana, rudi kihambani ukajenge." Hawajui wanachosema. Kihamba ni migomba, kahawa, ng'ombe zizini, mfongo unaopitisha maji na makaburi ya wazee wetu. Mipaka yake ni masale, siyo bikoni. Babu alikuwa na ekari mbili, akawagawia watoto wanne, nao wakagawa tena. Mjukuu wa leo anapewa mistari mitatu ya migomba, na akichimba msingi anaogopa kumwamsha babu!

Na hao waliogawiwa walikuwa wanaume tu. Kimila dada zetu walikuwa wanaambiwa wasubiri kwa waume zao. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Na. 4 na Na. 5, zinasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Ni haki yao kabisa. Ila mgao umeongezeka na kihamba ni kile kile.

Niseme linalonikera. Panda Kibosho au Uru mwezi wa tano uone majumba ya maana, geti la chuma, kufuli kubwa. Mwenyewe yuko Dar. Atakuja Desemba, atachinja mbuzi, mbege itanyweka, na Januari kufuli linarudi mahali pake. Huku chini Pasua kijana analala chumba kimoja na mke na watoto wawili, na kodi anadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo.

Nilimuuliza baba yangu mdogo, "Baba mdogo, hivi vyumba sita analala nani?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, hii ni heshima. Na siku nikifa, nitaletwa hapa." Nikanyamaza. Heshima ya nyumbani siwezi kumcheka nayo mtu, hata mimi naitaka.

Lakini heshima haiharibiki kwa kumwachia mtoto wa kaka yako vyumba viwili pamoja na kazi ya kufagia uwanja. Kibosho na mjini ni mwendo wa daladala tu. Wenye viwanja mjini vilivyoota magugu miaka nenda rudi wajenge au wawauzie wanaoweza kujenga. Na sisi tuache kuota kila mtu ukuta wake na geti lake. Ghorofa nne pale Majengo zinaweka familia nyingi kuliko nyumba nne za chini, na migomba inabaki salama.

Kwa hiyo wakisema Moshi imejaa, waulize kwanza makufuli ni mangapi. Tukimaliza hayo, ndipo tuguse vihamba.

Na wewe mjomba wa Dar unayesoma hapa, Desemba ukija, funguo moja mwachie kijana. Wiki njema!