Sindano ya biopsi: ni yenyewe inasambaza kansere?

Mu Bukavu, Goma ao Uvira, neno ni lile lile: uvimbe ukichomwa sindano, kansere inaamuka. Kuna wagonjwa wanaotoroka hospitali siku ile muganga anasema atatoa kipande kidogo cha uvimbe kipimwe mu labo. Wanarudia dawa za majani.

Woga huo haukutoka hewani. Sindano ikitoka ndani ya uvimbe, inaweza kukokota seli za kansere na kuziacha njiani, mu nyama ao chini ya ngozi. Waganga wanalijua tangu zamani. Ila linatokea mara chache, tena hatari si sawa kwa kila kiungo. Kwa kansere ya maini, hesabu iliyotoka mwaka 2008, iliyokusanya tafiti nyingi, ilipata karibu watu 27 kwa 1 000. Ndiyo maana, kwa mutu mwenye maini yaliyokwisha kuharibika kwa sirozi, picha nzuri ya skaneri inaweza kutosha bila kuchoma. (Kwetu, skaneri yenyewe wangapi wanaifikia?)

Korodani hawaichomi kupitia mufuko wake: wanaitoa nzima, kupitia kinena. Kivimbe cha ovari kinachodhaniwa kuwa kansere changa, wanajikaza kukitoa bila kukitoboa. Kwa titi ni tofauti. Seli nyingi zinazosukumwa na sindano zinakufa, na zile zinazobaki mara nyingi zinaondolewa wakati wa kupasua ao zinauawa na matibabu ya miale.

Waganga wa Mayo Clinic kule Florida, Marekani, walitaka kujua kama sindano inafupisha maisha. Walifuatilia faili za wagonjwa 2 034 waliopasuliwa kansere ya kongosho, na 498 kati yao walikuwa wamechomwa sindano mbele ya kupasuliwa. Matokeo yalitoka 2015: nusu ya waliochomwa waliishi zaidi ya miezi 22, wakati kwa wengine ilikuwa miezi 15. Hiyo haisemi kwamba sindano inaponya. Lakini kama ingekuwa inaua, hesabu ingegeuka upande mwingine.

Sasa mbona familia inaona kwa macho mugonjwa wao anazorota kisha biopsi? Angalia tarehe. Mama anasikia kidonge mu titi, anakaa nacho mwaka muzima, anafika hospitali kikiwa tayari na kidonda. Kipande kinatiwa mu chupa ya formoli na kutafutiwa njia, juu hospitali nyingi hazina muganga wa kukisoma. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, na safari ya chupa ikawa ngumu zaidi. Jibu likichelewa, kansere haingojei. Familia nayo inahesabu kuanzia siku ya sindano, haihesabu kuanzia siku ya kidonge.

Waganga wengine nao wanachangia: wanaandika karatasi ya labo, wanaita mugonjwa mwingine. Mutu aliyeambiwa biopsi ana haki ya kuuliza: kwa kiungo hiki, kuchoma kuko na hatari gani? Kipande kitasomwa wapi, kwa siku ngapi, kwa dola ngapi? Na jibu likitoka, matibabu yataanzia wapi?