Jirani wa uwanja ndiye anayezimiwa matangazo

Mtu aliyeko Dar es Salaam akilipia MLB.tv, huduma rasmi ya intaneti ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, anaweza kuitazama Chicago Cubs mubashara katika sehemu kubwa ya msimu. Itambidi akeshe, maana mechi inayoanza saa moja jioni Chicago huku ni saa tisa usiku, lakini akivumilia usingizi ataiona. Mtu aliyeko Des Moines, jimboni Iowa, akilipia huduma hiyohiyo hataiona. Ataambiwa kwamba mechi haipatikani mahali alipo. Wala si Cubs peke yao: kwa mgawanyo wa maeneo uliowekwa na ligi, mkazi wa Iowa hufungiwa mechi za timu sita, yaani Cubs na White Sox za Chicago, Cardinals ya St. Louis, Royals ya Kansas City, Twins ya Minnesota na Brewers ya Milwaukee. Iowa yenyewe haina hata timu moja ya ligi kuu. Ni jimbo la mashamba ya mahindi lililozungukwa na timu za majirani, na kila jirani amepewa haki ya kulidai kuwa ni lake.

Kuna sababu ya msomaji wa Kiswahili kulifuatilia jambo hili. Iowa ina jamii za Wakongo na Warundi waliohamia huko, wengi wao wakizungumza Kiswahili, na watoto wao wanakulia katika nchi ambayo besiboli hujaza jioni zote za kiangazi. Isitoshe, sisi tunaolipia ving'amuzi kila mwezi tunajua vizuri mambo ya mechi kuhamia kwenye kifurushi kingine. Hata hivyo, kinachotendeka Marekani ni kigumu zaidi kukitetea. Kwetu asiyelipa haoni. Kule anayelipa ndiye haoni, na haoni kwa kosa la kuishi karibu na timu anayoipenda. Nashikilia kwamba utaratibu huu ulikuwa na mantiki yake katika enzi ya kebo, kwamba enzi hiyo imekufa mbele ya macho yetu, na kwamba ligi haina sababu ya kuuhamishia mzigo wake kwenye intaneti.

Timu 30 za ligi hucheza mechi 162 kila moja katika msimu wa kawaida. Tofauti na mpira wa miguu wa Marekani, ambao ligi yake huuza matangazo kwa pamoja, sehemu kubwa ya mechi za besiboli iliuzwa na kila timu kwa chaneli ya michezo ya eneo lake. Chaneli hiyo ililipwa na kampuni ya kebo kwa kuhesabu nyumba: kila mteja alikatwa dola kadhaa kwa mwezi, awe mpenzi wa besiboli au bibi anayetazama mapishi tu. Ili kampuni ya kebo ikubali kulipa hivyo, ilitaka hakikisho kwamba mkazi wa eneo lile hana mlango mwingine wa kuingilia. Ndiyo maana MLB.tv, ilipoanza mwaka 2003, iliundwa kwa ajili ya walio mbali: mtoto wa Boston aliyehamia Texas angeweza kuifuata Red Sox, ila aliyebaki Boston alipaswa kuwa na kebo. Mashabiki walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuupinga ugawaji huu wa maeneo. Kesi ikaisha kwa maafikiano mwaka 2016, aliye mbali akapata kifurushi cha timu moja kwa bei nafuu, na aliye karibu akabaki alipokuwa.

Uzito wa fedha zenyewe unaonekana Los Angeles. Dodgers walitia saini mkataba wa miaka 25 na Time Warner Cable wenye thamani ya dola bilioni 8.35, na chaneli yao mpya ikaanza mwaka 2014. Kampuni nyingine za kebo na setilaiti, DirecTV ikiwemo, ziliiona bei ni ya kuumiza na zikagoma kuibeba. Ugomvi ule ulidumu hadi 2020. Kwa misimu sita nyumba nyingi za jiji hazikuweza kuiona timu ya jiji, na miongoni mwa misimu hiyo mitatu ilikuwa ya mwisho ya Vin Scully, mtangazaji aliyeisimulia Dodgers kwa misimu 67 kabla ya kustaafu mwaka 2016. Timu ilipokea fedha zake kama mkataba ulivyosema. Wakazi wa Los Angeles walisoma matokeo asubuhi.

Kisha watu wakaanza kukata kebo. Mwaka 2019 kampuni ya Sinclair ilinunua chaneli 21 za michezo za mikoani kwa karibu dola bilioni 10, fedha nyingi zikiwa za mkopo. Machi 2023 kampuni yake tanzu iliyoziendesha, Diamond Sports, iliomba ulinzi wa mahakama ya mufilisi ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 8. Mei mwaka uleule ilishindwa kuilipa San Diego Padres, na ligi ikalazimika kuchukua matangazo ya timu hiyo ndani ya siku moja. Ilichofanya ligi ndicho ninachokitegemea katika hoja hii: iliwafungulia wakazi wa San Diego huduma ya intaneti kwa dola 19.99 kwa mwezi, ikaiweka chaneli kwenye kebo na setilaiti zilizokuwa hazina mechi hizo, na idadi ya nyumba zilizoweza kuiona Padres ikapanda, kwa hesabu ya ligi yenyewe, kutoka takribani milioni 1.13 hadi zaidi ya milioni 3.2. Arizona Diamondbacks walifuata Julai, Colorado Rockies mwaka 2024, Cleveland Guardians na Minnesota Twins mwaka 2025. Kizuizi tulichoambiwa kwa miaka ishirini kwamba hakiondoleki kiliondolewa kwa usiku mmoja, tena na walewale waliokiweka.

Pingamizi kubwa ni la fedha, na si la kupuuzwa. Padres walikuwa wakipata karibu dola milioni 60 kwa mwaka kutoka kwenye chaneli ya mkoa, na ligi iliahidi kuwafidia asilimia 80 tu katika msimu ule wa kwanza. Wateja wa intaneti hawajaziba pengo hilo, na timu ndogo ikipoteza milioni kumi au ishirini inapoteza mrushaji mpira mzuri. Haya yote ni kweli. Lakini tujiulize fedha zile zilitoka wapi. Zilitoka kwa mamilioni ya watu ambao hawakutazama hata mpira mmoja ukipigwa, ila bili yao ya kebo iliwakata kimyakimya. Hao ndio walioondoka, na hakuna kizuizi kitakachowarudisha. Anayebaki akifungiwa ni yule mwenye hamu, mwenye kadi ya benki mkononi, anayetaka kulipa na kukataliwa. Kumzuia huyo hakuongezi hata senti kwenye mfuko wa timu. Pengine kunamfundisha kijana wa miaka kumi na minne kwamba besiboli si mchezo wa kuhangaikia, maana burudani nyingine anaipata kwenye simu bila maswali.

Wengine husema mechi ikionekana nyumbani uwanja utabaki mtupu. Hofu hii ni ya zamani sana. Katika miaka ya 1930 timu tatu za New York zilikubaliana kuzuia matangazo ya redio kwa miaka mitano, na alipofika Larry MacPhail kuiongoza moja ya timu hizo, Brooklyn Dodgers, akagoma kuendelea na mapatano hayo, mechi zikaanza kusikika redioni mwaka 1939. Watu hawakuukimbia uwanja wake, Ebbets Field. Mwaka huohuo waliongezeka, ingawa timu nayo ilikuwa imeanza kushinda na haifai kuipa redio sifa zote. Uingereza bado ina zuio la mpira wa miguu Jumamosi alasiri, ndiyo maana shabiki wa Arsenal aliyeko Mwanza huona mechi ambayo mwenzake wa London haruhusiwi kuitazama mubashara. Lakini zuio la Waingereza lina lengo linaloeleweka, kulinda viingilio vya klabu ndogo za madaraja ya chini, na lina saa zake. La besiboli halina saa wala halijali kiingilio. Cubs wakiwa wanacheza Boston, uwanja wao wa Wrigley Field ukiwa umefungwa, mtu wa Des Moines bado anazimiwa. Anaambiwa aende uwanja upi? Hata wa karibu kuliko yote, wa Kansas City, ni mwendo wa saa tatu kwa gari.

Lipo pia jibu la kisasa zaidi: tatizo limekwisha, kwa kuwa sasa karibu kila timu ina programu yake ya kumuuzia mkazi wa eneo moja kwa moja. Kuna ukweli ndani yake. Chaneli ya NESN ya Boston ilitangulia mwaka 2022, chaneli ya Cubs na ile ya Yankees zikafuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayetaka kuifuata timu moja ya kwao afanye hivi: aanze kwa kuingiza namba ya posta ya anapoishi kwenye tovuti ya ligi ili ajue anafungiwa timu zipi, kisha anunue kifurushi cha timu ile badala ya MLB.tv, maana wengi hulipia MLB.tv kwanza na kugundua baadaye kwamba timu yao ndiyo haimo. Aulize pia kuhusu antena ya kawaida, kwa sababu kuna timu ambazo baadhi ya mechi zake hupatikana bure hewani. Na asisahau sauti: matangazo ya redio ya timu zote huuzwa na ligi kwa bei ndogo kwa mwaka, na katika msimu wa kawaida hayana kizuizi cha eneo. Redio, ile iliyoogopwa New York miaka tisini iliyopita, leo ndiyo njia pekee ya ligi isiyomuuliza msikilizaji anaishi wapi.

Lakini afanye hesabu. Katika msimu wa 2025, baada ya kununua kifurushi cha timu yake, bado baadhi ya mechi za Ijumaa zilikuwa Apple TV+ pekee, za Jumapili mchana Roku, za Jumapili usiku ESPN. Mkazi wa Iowa aliyetaka kuona timu zote sita zinazomdai alipaswa kujisajili kwa waendeshaji kadhaa tofauti, na jumla yake ilizidi bei ya kuziona timu nyingine 24 zote kwa pamoja. Wapo wanaokwepa kwa kutumia VPN, wakaonekana kana kwamba wako nchi nyingine. Siwalaumu kwa ukali, ila ni kinyume cha masharti ya huduma, na biashara inayomlazimu mteja mwaminifu kudanganya anapoishi ili auziwe bidhaa imeharibika mahali fulani.

Nafasi ya kuirekebisha ina tarehe. Novemba 2025 ligi ilitangaza mikataba mipya na ESPN, NBC na Netflix kwa misimu ya 2026 hadi 2028. ESPN imepewa MLB.tv iuze, pamoja na mechi za timu ambazo ligi yenyewe huzitangaza, kwa wakazi wa maeneo ya timu hizo. Mikataba hiyo yote inaisha kwa wakati mmoja, na hilo halikutokea kwa bahati. Kamishna Rob Manfred amesema waziwazi kwamba anataka haki za timu nyingi iwezekanavyo ziuzwe kwa pamoja baada ya hapo. Ligi ya mpira wa miguu wa Marekani imefanya hivyo tangu sheria ya 1961 iliporuhusu timu kuuza matangazo kwa umoja. Kwetu pia si jambo geni: mkataba wa Azam na shirikisho la soka la Tanzania wa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, ulihusu ligi nzima. Mtu anaweza kulalamikia bei ya kifurushi au ratiba, lakini hakuna mkazi wa Jangwani anayezuiwa kuiona Yanga kwa kuwa anaishi Jangwani.

Kikwazo kitakuwa matajiri. Mkataba wa Dodgers unaendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 2030, Yankees wana hisa katika chaneli yao wenyewe, na hakuna kati yao mwenye haraka ya kugawana na Pittsburgh au Kansas City. Watataka kufidiwa, na wapewe fidia, kwa kuwa mikataba yao ni halali. Lakini mashabiki wasikubali mabishano ya 2028 yaishie kwenye mgawanyo wa fedha kati ya wamiliki. Kipengele kimoja kinapaswa kuwemo kabla ya namba yoyote: anayelipia huduma ya ligi aone timu zote 30, na ile iliyo karibu na mlango wake ikiwemo.