Daftari la Wiki: Jirani wa Ibanda

Jumatatu. Mvua za vuli zimeshika na barabara ya Songambele inateleza. Dukani nimemkuta mama mmoja anayelima karibu na Mto Kagera. Kiboko ameingia shambani kwake usiku. "Mwanangu, alichokula ni kidogo," alisema, "ila alichokanyaga ndicho chakula chetu cha miezi mitatu."

Serikali ina malipo yake kwa balaa kama hili: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kwa kanuni za mwaka 2011, mazao yalilipiwa kwa ekari, mwisho ekari 5, na shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu. Jina lenyewe linakiri kwamba hii si fidia. Kwangu mimi hilo halitoshi. Anayemlisha mnyama wa taifa kwa jembe lake anadaiwa zaidi ya kitambaa cha kujifutia.

Jumatano. Nimewaomba watoto wa darasa la tano wanitajie wanyama wa porini. Simba, tembo, twiga, pundamilia. Wanawajua kwa picha. Hakuna aliyemtaja nzohe.

Nzohe ni swala anayeishi kwenye majani ya majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo hutembea juu ya matope ambapo swala mwingine angezama. Akisikia hatari huingia majini na kubakiza pua tu. Novemba 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akakaa kwa Omukama (mfalme) Rumanyika hadi Januari, na hapa ndipo alipomjua mnyama huyo. Hadi leo wanasayansi humwita Tragelaphus spekii. Mgeni amepewa swala wetu. Mwenyeji amepewa pori linaloitwa kwa jina lake, leo hifadhi ya Rumanyika-Karagwe. Na watoto wa Wanyambo, wenyeji wa hapa, hawamjui nzohe hata kwa picha.

Alhamisi usiku. Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanguka! Ndoo, magunia, mabati, taa za dukani zote zimewashwa. Watoto wanakimbia kwenye nyasi hadi usiku wa manane na wazazi hawawaiti. Nani alisema sisi hatujui kufurahia pori?

Ijumaa. Ibanda, Rumanyika na Burigi zilikuwa mapori ya akiba, mahali ambapo mwenye kibali aliweza kuwinda. Mwaka 2019 zikapandishwa kuwa hifadhi za taifa chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa: bunduki ya mwindaji nje, mtazamaji ndani. Ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, maana nayakumbuka masimulizi ya 1994, wakimbizi wa vita vya Rwanda walipofurika Karagwe na Ngara, miti ikageuka kuni na wanyama wakageuka kitoweo.

Ng'ambo ya mto, hifadhi ya Akagera ya Rwanda ilipoteza simba wake wote baada ya vita vile. Mwaka 2015 waliletwa simba 7 kutoka Afrika Kusini. Miaka 2 baadaye wakafuata faru weusi 18. Eneo lililoonekana limekwisha limerudi kuwa hai. Upande wetu wapo nyati, viboko, nyamera na swala pala, nao hawakuhitaji kusafirishwa kwa ndege. Wanachohitaji ni jirani anayeona kuwa ni wake.

Jumapili. Baada ya ibada nimewauliza wazee sita kama wamewahi kuingia Ibanda-Kyerwa. Mmoja ndiye aliyewahi, zamani, akitafuta ng'ombe aliyepotea.

Kwa hiyo naomba jambo moja, kwa halmashauri zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, na kwa TANAPA: kila muhula, basi moja la wanafunzi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, bila kiingilio, wapelekwe hifadhini na askari wa wanyamapori anayeongea Kinyambo. Waanze na watoto wa yule mama wa Jumatatu.