Picha ya Mgonjwa Isirembwe

Mpiga picha wa studio mjini Songea anapomaliza kupiga picha za harusi, kazi yake ndiyo kwanza huanza. Katika kompyuta hufunika macho na midomo ya bibi harusi kwa utando usioonekana, uitwao maski, ili badiliko liguse ngozi pekee. Kisha hulainisha kingo za utando huo hadi rangi zioane na mpaka usitambulike. Chunusi hutoweka, wenye harusi hufurahi, wala hakuna aliyedhurika.

Ufundi huohuo ukiingia katika picha ya mgonjwa, huwa hatari. Leo tabibu wa zahanati ya kijijini mkoani Ruvuma aweza kupiga picha ya ngozi kwa simu na kumtumia bingwa aliye mbali, bila mgonjwa kupanda basi. Tuchukulie kwamba mgonjwa huyo ana ukoma. Dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni baka lililopauka, lisilohisi mguso. Simu nyingi zina mpangilio wa urembo unaoutambua uso na kuisawazisha ngozi pasipo kuamriwa. Baka la shavuni laweza kufifia kabla tabibu hajaitazama picha. Dawa za ukoma hutolewa bure, lakini mishipa ya fahamu iliyoharibika kwa kuchelewa mara nyingi hairejei hali yake.

Sisemi kwamba picha ya mgonjwa isifunikwe kamwe. Mgonjwa ana haki ya kusitiriwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utepe mweusi machoni peke yake hautoshi, kwani jirani atamtambua kwa kovu au hereni. Kipimo changu ni kimoja: panapofichwa, paonekane kwamba pamefichwa. Sehemu iliyozibwa kwa weusi humweleza bingwa kwamba hapo hakuoneshwa. Rangi iliyooanishwa kwa ustadi humweleza kwamba hapo ni pazima, naye huamini.

Kwa hiyo nashauri haya. Mgonjwa aridhie kwanza. Mpangilio wa urembo uzimwe. Mwanga ukirekebishwa, urekebishwe kwa picha nzima, na picha ya asili ihifadhiwe. Zaidi ya yote, tabibu apitishe kipande cha pamba juu ya baka na kuandika alichojibu mgonjwa, kwa maana hisia haipigwi picha.